Amri na Shauri: Kiswahili cha Kazi na Biashara katika Bonde la Ufa la Kati, kutoka Reli hadi Salgaa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya Kiswahili kama lugha ya kazi na biashara katika Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, tangu reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 hadi siku hizi ambapo malori yachukuayo mizigo ya mataifa mbalimbali hulala Salgaa. Salgaa ni kituo cha biashara katika eneo la Rongai, magharibi ya Nakuru, kando ya barabara kuu iendayo Eldoret na Uganda. Si mji wa kutajwa sana katika vitabu vya isimu. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi watu wasiokuwa na lugha moja ya mama wanavyofanya biashara pamoja katika Afrika ya Mashariki hana budi kupasikiliza mahali kama hapa.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ilizuka taaluma ichunguzayo mawasiliano baina ya watu wa tamaduni mbalimbali katika biashara na uongozi wa kazi. Miongoni mwa vitabu vilivyoipa taaluma hiyo sura yake ni kile cha Mholanzi Geert Hofstede kilichotolewa mwaka 1980, ambacho kilitegemea majibu ya waajiriwa wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi. Baadaye Hofstede aliongeza nchi nyingine, na Kenya, Tanzania, Zambia na Ethiopia akazijumlisha kuwa eneo moja aliloliita Afrika ya Mashariki. Mojawapo ya vipimo vyake ni umbali wa mamlaka, yaani kadiri wale walio chini wanavyotarajia na kukubali kwamba mamlaka hayakugawanywa sawa. Afrika ya Mashariki ilipewa alama 64. Uholanzi ilipewa 38 na Uingereza 35. Kutokana na hesabu za namna hii, vitabu vingi vya kufundishia uongozi vimezoea kumweleza meneja mgeni kwamba mfanyakazi wa huku hamjibu mkubwa wake, na kwamba kunyamaza huko ni sehemu ya utamaduni wake.

Hatuna ugomvi na hesabu zenyewe, ingawa yafaa kukumbuka kwamba waajiriwa wa IBM hawakuwa vibarua wala madereva. Ugomvi wetu ni juu ya neno utamaduni linapotumiwa mahali ambapo neno linalostahili ni historia. Hoja ya makala haya ni kwamba kunyamaza kwa mfanyakazi mbele ya mkubwa wake, hasa katika eneo hili, kulifundishwa. Kulifundishwa kwa sheria, kwa ujira na kwa lugha. Na alama za mafundisho hayo zingali zinaonekana katika msamiati wa Kiswahili. Watu wale wale, wakutanapo katika biashara isiyokuwa na bwana na mtumishi, huzungumza kwa marefu na mapana.

2. Reli, duka na shamba

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa mwaka 1901 ukafika ziwani. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi. Pamoja nao walikuwapo Waafrika wa pwani na wa bara, na juu yao wahandisi na wasimamizi kutoka Uingereza. Kwa hiyo toka mwanzo kazi kubwa ya kwanza ya kimataifa katika sehemu hii ilifanywa na watu waliohitaji lugha ya kati, na lugha hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili hakikuja mikono mitupu. Kilikuwa kimekwisha kuzoea biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Tutazame maneno ya kawaida ya usafirishaji. Forodha, mizani, mkataba na wakala yametoka katika Kiarabu. Bandari imetoka katika Kiajemi. Gari, bima, cheti na hundi yamepita katika lugha za Bara Hindi. Lori, leseni na breki yametoka katika Kiingereza. Dereva aliyesimama leo mbele ya mizani ya Gilgil, mkononi ana cheti cha bima na karatasi za forodha za mzigo uliotoka bandarini, hutumia kwa pumzi moja maneno ya tamaduni nne za kibiashara, wala hafahamu kwamba ni mageni. Lugha ya namna hii haiwezi kusemwa kuwa haina uwezo wa kubeba mawasiliano ya kimataifa.

Nyuma ya reli lilikuja duka. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao mashuhuri wao alikuwa Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916, walifungua maduka katika njia yote ya kuelekea Uganda. Kiswahili cha dukani kilikuwa na sarufi yake, na aghalabu kilichekwa. Lakini kilikuwa na sifa moja kubwa: muuzaji alimhitaji mnunuzi. Mnunuzi angeweza kuuliza, kukataa, kupunguza bei, na mwisho kwenda zake. Lugha ya duka ilikuwa lazima iwe na swali na jibu.

Shamba lilikuwa jambo jingine. Kuanzia miaka ya 1903 na 1904 walowezi wa Kizungu walipewa ardhi Njoro, Nakuru, Rongai, Molo na Solai, na Bwana Delamere wa Njoro akawa kiongozi wao mkuu. Waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo na wengineo. Sheria ya mabwana na watumishi, iliyotungwa mwaka 1906 na kufuatwa na nyingine mwaka 1910, ilifanya makosa ya kikazi, kama vile kuiacha kazi kabla ya muda wa mkataba, kuwa jinai. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kuchukua kipande, yaani hati yenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Katika hali hii mwajiri hakuhitaji kumvuta mfanyakazi kwa maneno. Sheria ilikwisha kumfungia mlango.

3. Kisetla, au lugha isiyongoja jibu

Kiswahili kilichozaliwa katika uhusiano huo ndicho kilichoitwa Kisetla. Sifa zake zinajulikana. Ngeli za majina hupotea, kitenzi hubaki bila viambishi vya nafsi na vya wakati, na ukanushi hufanywa kwa neno hapana. Mathalani, badala ya “Sitaki” husemwa “Mimi hapana taka”, na badala ya “Ng'ombe wangu wako wapi?” husemwa “Iko wapi ng'ombe yangu?”. Vitabu vya kufundishia lugha hiyo vilitungwa. Kile cha F. H. Le Breton, kilichotolewa mwaka 1936, kilitaja katika jina lake watu kiliowakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Inafaa kuukumbuka mwaka huo. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930, na Kiswahili sanifu chenye msingi wa Kiunguja kilikuwa kikienezwa shuleni. Basi wakati ule ule mtoto wa shule alipokuwa akisahihishwa ngeli zake, baba yake shambani alikuwa akiamriwa kwa lugha isiyokuwa na ngeli.

Wanaisimu wengi wamekitazama Kisetla kwa upande wa sarufi, wakakiona kuwa Kiswahili kilichovunjika. Kwa maoni yetu, kasoro yake kubwa haikuwa hapo. Kiswahili cha Kivu na cha Katanga nacho kimepunguza upatanisho na kutumia iko kwa wingi, na watu hukitumia kufanya arusi, kesi, mahubiri na biashara. Kupungua kwa viambishi hakuzuii mawasiliano. Kasoro ya Kisetla ilikuwa kwamba kiliundwa kwa upande mmoja tu wa mazungumzo. Kilikuwa na leta, ondoa, kwenda na upesi. Na kwa upande wa pili kilitarajia “Ndiyo, bwana”. Mfanyakazi mwenyewe alikuwa na Kiswahili kingine alichotumia na wenzake kambini, na lugha ya mama nyumbani kwake. Ukimya wake ulikuwa katika uhusiano ule, wala haukuwa katika mtu.

Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Katika migodi ya Afrika Kusini kulikuwa na Fanagalo, iliyojengwa juu ya Kizulu kwa kuchanganywa na Kiingereza na Kiafrikana, na wachimbaji wengi waliishutumu kuwa ni lugha ya amri. Katika Uganda Kiswahili kiliambatana kwa miaka mingi na jeshi na polisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wengi huko kukitilia shaka, hata Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Wala tusidhani kwamba pwani ilikuwa safi, kwani misafara ya pembe na ya watumwa nayo ilikuwa na amri zake. Hakuna lugha iliyo ya amri kwa asili yake. Uhusiano wa watu ndio unaoifanya hivyo.

4. Maneno manne

Kama hoja yetu ni ya kweli, yafaa ionekane katika historia ya maneno. Tutachukua manne.

La kwanza ni shauri. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale katika Kiswahili ni kutafuta rai ya mtu mwingine kabla ya kutenda. Kutokana nalo tunapata kushauriana, ushauri na mshauri. Lakini katika Kiswahili cha maofisa na walowezi, shauri likawa kesi, tatizo, jambo la kusumbua. Ofisa alikwenda “kusikiliza mashauri”, yaani kuamua magomvi. Na mlowezi alilichukua neno akalitia katika Kiingereza chake kwa maana ya matata. Mwisho wa njia hiyo twaukuta usemi “shauri yako”, ambao maana yake ni kwamba sina haja tena ya kuzungumza nawe juu ya jambo hili. Neno lililomaanisha kuzungumza pamoja limekuwa neno la kufunga mazungumzo.

La pili ni mnyapara. Limetoka katika Kinyamwezi, na katika misafara ya karne ya kumi na tisa lilikuwa jina la kiongozi wa kundi la wapagazi. Nyampara aliwaongoza watu wake, lakini pia aliwasemea kwa mwenye msafara juu ya posho, mizigo na mwendo. Alikuwa mtu wa kati kwa pande zote mbili. Katika shamba la mlowezi, nyapara alibaki na upande mmoja: alichukua amri kutoka juu kuipeleka chini. Siku hizi neno hili hutumika hata gerezani, na hakuna anayelisikia kuwa na maana ya msemaji wa watu.

La tatu ni kibarua. Ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili apate ujira wake. Jina la cheti likahamia kwa mtu, na kutoka kwa mtu likahamia kwa kazi, hata leo twasema “amepata kibarua”. Karatasi iliyokuwa ushahidi wa haki ya mfanyakazi imemeza jina lake.

La nne ni tajiri. Katika Kiarabu ni mfanyabiashara. Katika Kiswahili limekuwa mtu mwenye mali. Na katika lugha ya madereva ni mwenye gari, yaani mwajiri. Dereva asemapo “tajiri amekataa”, hataji mtu wa kupatana naye bei kama vile tajiri wa zamani alivyokuwa sokoni. Ataja mamlaka.

Maneno haya manne yamekwenda upande mmoja. Yote yalianza katika uhusiano wenye watu wawili wanaosemezana, yakaishia katika uhusiano ambamo mmoja husema na mwingine hutenda. Mtu akitaka kuueleza umbali wa mamlaka katika Afrika ya Mashariki, hii nayo ni njia ya kuupima.

5. Barabara na Salgaa

Reli ya pili, ile ya Uasin Gishu, iliacha njia ya Kisumu hapo Nakuru ikapita Rongai, ikafika Eldoret mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931. Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilipita hapo kwa treni. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Mwaka 1985 Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kupitisha mizigo katika njia itokayo Mombasa, na Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ikajiunga baadaye. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, ambayo kwanza iliongozwa na Waafrika Kusini, kisha kuanzia mwaka 2010 wenye hisa wakubwa wakawa Wamisri. Mkataba huo ulikatizwa mwaka 2017. Katika miaka hiyo yote sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa imekwisha kuhamia barabarani. Salgaa imekua kwa sababu hiyo.

Hapa hukutana dereva wa Mombasa na wa Kampala, Mnyarwanda na Mkongo wa Goma, Msomali na Mtanzania, na wenyeji wanaowauzia chakula, malazi na vipuri. Msaidizi wa dereva huitwa taniboi na Mkenya, na Mtanzania humwita utingo. Mkongo humwita mtu mzima papa, mahali ambapo Mkenya husema mzee. Mganda huenda akaziacha ngeli zake njiani. Hayo yote hayazuii biashara, kwa sababu kila mmoja amhitaji mwenzake. Anayetaka kuazima jeki usiku haamuru. Husalimu kwanza, huuliza habari za njia, kisha huomba. Mwenye jeki naye huuliza itarudi lini. Bei ya tairi huzungumzwa mpaka ipatikane. Habari za mpakani Malaba au Busia hupokezanwa, na mtu aliyetoa habari ya kweli leo hukumbukwa safari ijayo. Shauri, kwa maana yake ya kwanza, lingali hai barabarani.

Hata matata ya kutoelewana yanatatuliwa kwa njia hiyo. Tuchukue mfano wa saa. Karatasi ya Kiingereza huandika 2:00, na Mswahili husema saa mbili. Kati ya hizo mbili kuna muda wa saa sita. Madereva wa barabara hii huliepuka kosa hilo kwa kuongeza neno moja tu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana; na msikilizaji hurudia alivyosikia. Kurudia huko ni jambo dogo, lakini ndilo linalotofautisha mazungumzo na amri. Anayeamuru huhesabu kwamba amekwisha kusikika, na anayezungumza hungoja kusikia alivyoeleweka.

Lakini dereva huyo huyo ana uhusiano mwingine, nao ni wa simu. Tajiri yuko Mombasa, Kampala au mahali pengine mbali, na mzigo una tarehe yake. Mkataba wa mzigo umeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi dereva hakushiriki katika kupatana kwake. Kinachomfikia ni sehemu ya mwisho tu: wahi.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa suala la uhai. Mteremko utokao Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa umeua watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori yaligongana Migaa, watu 36 wakafa. Mwaka uliofuata barabara iligawanywa kwa ukuta wa zege. Hatudai kwamba ajali hizo zilitokana na lugha. Umaskini, breki, mwendo na mchoro wa barabara vina sehemu zao. Tunalosema ni hili: dereva aliyechoka, au anayezitilia shaka breki zake, lazima aweze kumwambia tajiri, “Gari hili haliendi usiku huu.” Maneno yenyewe si magumu, na kila dereva anayajua. Swali ni kama yatapokelewa kuwa shauri au kuwa ukaidi. Ikiwa uhusiano wao umerithi sarufi ya shamba la mwaka 1936, jibu litakuwa “shauri yako”, na lori litateremka.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika Bonde la Ufa la kati zimeishi pamoja mila mbili za mawasiliano ya kazi. Moja ni ya duka na ya barabara, yenye swali na jibu. Ya pili ni ya shamba, yenye amri na kimya. Zote mbili zimetumia Kiswahili. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba kimya ni utamaduni wa watu hawa amesikiliza mila moja tu, tena ile iliyoletwa kwa nguvu.

Kutokana na hayo, wataalamu wa lugha wana kazi tatu. Kwanza, maneno ya barabara yakusanywe na kuchunguzwa kwa heshima ile ile inayopewa lahaja za pwani, kwa kuwa ndiyo hazina ya istilahi za biashara iliyo hai. Pili, uongozi wa kazi ufundishwe kwa Kiswahili pia. Shule ya kilimo ya Egerton huko Njoro ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Wanaohitimu vyuo kama hivyo hujifunza kuongoza kwa Kiingereza, kisha huenda kuongoza watu kwa Kiswahili. Na asiyefundishwa kushauriana kwa lugha hiyo hukiokota Kisetla, ambacho kingali kimetupwa njiani. Tatu, mikataba ya kazi na maelezo ya usalama wa magari na mizigo yaandikwe kwa Kiswahili ambacho dereva wa Mombasa na wa Goma wote wataelewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki wa mwaka 1999 ulikitaja kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Ruhusa imekwisha kutolewa. Kilichobaki ni kazi.

Tafsiri peke yake haitatosha. Amri iliyotafsiriwa hubaki amri. Mkataba utakaofaa ni ule ulioacha nafasi kwa dereva kujibu, na wenye fungu linalomlinda anapokataa kuteremka.